Droni Yenye Pua

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa moyo wote na kwa akili yote niliyokuwa nayo, kwamba ile droni iliyozunguka juu ya Nyakabanda, mtaa wetu wa Kigali, siku za korona ilikuwa na pua. Sisemi macho, macho kila mtu alijua inayo. Sisemi spika, spika tuliisikia wenyewe ikinguruma juu ya mabati kwamba tukae majumbani. Nasema pua. Pua ya chuma, kubwa kama sufuria ya pilau, imefichwa chini ya tumbo, inanusa nyama ya mbuzi kutoka mawinguni hadi inajua mbuzi alikuwa dume au jike, alikula nini jana, na mishikaki mingapi iko motoni. Ikiwa michache, ni familia inakula, inapita. Ikiwa mingi, kuna watu wameitwa, na hapo droni inakwenda kuwaambia vijana wa kujitolea wenye fimbo.

Aliyeniambia ni baba mdogo Kasimu, mdogo wake baba. Alikuwa mchoma nyama, mabega kama kabati la bibi harusi, ndevu zinanuka moshi hata akitoka kuoga, na uongo ulimtoka kwa raha kama jasho. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Mtu anayemwangusha mbuzi kwa mkono mmoja, akamchinja, akamchuna na kumkatakata kabla chai haijachemka, unaanzaje kumtilia shaka?

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya ubani. Mke wa jirani amejifungua, nyumba yao inafukizwa asubuhi na jioni, na moshi unaingia dirishani kwangu bila hodi. Wengine ubani unawakumbusha harusi na maulidi. Mimi unanikumbusha sauti ya chuma kikitua kwenye mfupa.

Tuliishi kwenye ua mmoja wenye milango mitatu na bomba moja. Mlango wa kwanza ulikuwa wetu: mama, bibi mzaa baba, na mimi. Baba alikuwa dereva wa lori, na mipaka ilipobanwa alikwama kwenye foleni upande wa Tanzania, foleni ndefu ambayo mimi niliwaambia watoto wenzangu inafika baharini. Mlango wa pili ni wa baba mdogo Kasimu. Wa tatu ni wa Mzee Tabora, karani mstaafu aliyekulia Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Kiswahili chetu sisi cha Nyakabanda kinatembea na ndala. Chake kilivaa viatu na soksi. Akitaka kupita penye watu anasema, "Naomba mniwie radhi," na baba mdogo anamjibu, "Pita tu muzee, hapa radhi iliisha zamani."

Kuhusu hizo amri za kukaa ndani, ua wetu ulikuwa umegawanyika vibaya kuliko timu za mpira. Mzee Tabora alikuwa upande wa serikali hadi kwenye uboho. Barakoa alivaa mbili, akiwa peke yake, chumbani, amelala. Nilichungulia. Mlangoni kwake aliweka jerikeni ya maji na sabuni, na hata paka akipita alitamani anawe.

"Amri hizi zimewekwa kwa faida yetu sote," alisema akiwa kizingitini.

"Faida yako weye unakula pensheni!" baba mdogo alimjibu kutoka ng'ambo ya ua, akinoa kisu. "Huu ugonjwa iko wa watu wa ndege. Mimi nilipanda ndege siku gani? Hata kuku wangu hawajui kuruka!"

"Kijana, ugonjwa hauulizi tiketi."

"Umva, sikia muzee, siku moja hiyo mdomo yako nitaishona na barakoa zote mbili."

Alisema hivyo akicheka. Lakini kisu alikuwa anakinoa kweli.

Bibi alikuwa na msimamo wake, na hakuna aliyeweza kubishana naye. "Mimi nilishawahi kujifungia ndani siku za mauaji," alisema, akivuta kanga kifuani. "Siku zile aliyegonga mlango hakuwa ameleta unga. Hawa wa leo wakisema nikae, nakaa." Hapo hata baba mdogo alikiweka kisu chini. Bibi alikuwa na kifua kibovu. Akianza kukohoa, misumari ya mabati ilitoka nusu kuangalia kuna nini. Na mama? Mama hakuwa na upande, au ndivyo nilivyodhani. Alinawa mikono mpaka ikapasuka kwenye viungo, akapika, akamgeuza bibi kitandani.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi mtaa ulivyokuwa na hasira. Siku hizi tunasimulia habari za kuoka mandazi na kusoma kwa redio, tukijifanya tulikuwa watulivu kama picha. Watulivu wapi! Kwenye foleni ya unga niliona wanawake wawili wanaoitana dada wakipigana kwa masinia mpaka unga wote ukawa barabarani, na wakaendelea kupigana, weupe kama mashetani. Kondakta mmoja alimng'ata kijana wa kujitolea aliyemwambia apandishe barakoa. Alimng'ata kwenye bega, kama anakula hindi la kuchoma. Na sisi watoto tukabuni mchezo wetu, tukauita doria. Mmoja anakuwa korona, wengine wanavaa mifuko kama vizibao, wanamsaka nyuma ya vyoo na kumchapa kwa matawi ya mparachichi mpaka aseme "Nimepona." Mimi nilikuwa korona hodari kuliko wote. Nilikataa kupona. Nina kovu kwenye mdomo wa juu mpaka leo, na wasichana nawaambia ni la ajali ya pikipiki.

Basi, jiko la baba mdogo la kando ya barabara lilipofungwa, alilihamishia nyuma ya ua wetu, kati ya choo na ukuta. Wateja walikuja mchana, saa ambazo mtaa umelala, mmojammoja, wakipenya kwenye uwazi wa uzio kama wanaenda kwa mganga. Walikula burusheti, ndiyo mishikaki yetu, walikula zingalo, ule utumbo wa mbuzi uliosokotwa ambao nikiuona mpaka leo goti linalegea. Na nisiwe mwongo: sahani yetu ilitoka hapohapo. Baba hakuwa anaweza kutuma chochote. Kila jioni baba mdogo alimletea bibi supu, sisi akatuletea mbavu, akasema, "Kuleni, waache wanaoogopa waogope."

Mimi ndiye nilikuwa mlinzi. Ndipo akaniambia ile habari ya pua, kwa uso mkavu kabisa, huku wateja wakigeukia ukutani kuficha vicheko. Sikulala vizuri. Nilifikiria ile pua ikishuka usiku kunusa mikono yangu yenye mafuta. Halafu nikapata wazo ambalo nililiona kubwa kuliko yote yaliyowahi kupatikana Afrika. Bibi alikuwa na kopo la ubani, aliloachiwa na mama yake, watu wao wakiwa wafanyabiashara waliokuja na bidhaa kutoka pwani. Kwao nyumba haikai bila kufukizwa. Nikachota kidogo, nikautupa kwenye makaa, chini ya nyama. Droni ikinusa, itadhani ni watu wanaomba Mungu.

Moshi ulipanda mzito, mweupe, mtamu. Mteja mmoja, fundi wa magari kutoka Gatsata, alitafuna kidogo akasimama.

"Kasimu, huyu mbuzi umemchinja ama umemzika?"

Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipomweleza, akanibeba juu juu. "Huyu mtoto atakuwa waziri!" Tangu hapo ikawa kazi yangu. Kila mchana nilifukiza, droni ikapita, haikushuka, na mimi nikajua ni akili yangu inayowalinda watu wote hawa na mbuzi wao.

Mpaka ile siku wateja walipojaa kupita kiasi. Palikuwa na msiba wa mtu wa machinjioni, na kwa kuwa kukusanyika matangani kulikatazwa, wenzake waliamua kumlia kwenye nyama. Walikaa magoti yakigusana, barakoa zikining'inia kwenye masikio kama hereni, mmoja analia, mwingine anaimba. Na mimi, nikiona watu ni wengi, nikamwaga ubani mara mbili.

Bibi alianza kukohoa ndani. Hakuwa anakohoa kama siku zote. Ilikuwa kama mtu anayevuta kamba kutoka kisima kirefu, na kamba haifiki. Mama alitoka, kanga imemwanguka begani.

"Kasimu, watoe watu. Mama anakosa pumzi."

"Wanamaliza tu, shemeji."

"Kasimu, nakuomba. Hatujui hawa wametoka wapi."

"Wametoka kazini kwangu! Na kesho mtakula nini, shemeji? Barakoa?" Watu wakacheka. Mama aliokota kanga yake, akarudi ndani.

Droni ilipita. Niliiona, ndogo kama nzi, ikasimama kidogo juu ya choo chetu, ikaondoka. Nikafurahi. Muda si mrefu lango likapigwa teke.

Aliyetangulia alikuwa Mama Divine, mkuu wa isibo yetu, yaani zile nyumba chache za majirani. Mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilikuwa inafungua makufuli. Nyuma yake vijana wa kujitolea wenye vizibao na fimbo. Hapo mtu angetegemea watu waombe msamaha. Thubutu! Fundi wa Gatsata alinyanyua benchi, akamtwanga nalo kijana wa kwanza, jino likaruka, nikaliona likiruka, likatua kwenye bakuli la pilipili. Fimbo zikaanza kufanya kazi. Baba mdogo alikamata jiko lenyewe, chuma kitupu, kwa mikono yake, akalipindua. Makaa yalikwenda kila upande kama nyota zimechoka kukaa mbinguni. Mtu alipiga kelele ambayo sijaisikia tena, kaa limeingia kwenye kiatu chake. Vijana wanne walimwangukia baba mdogo, wakamlaza kwenye matope ya bomba, na bado aliinuka na wawili wamemng'ang'ania mgongoni. Walimfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Akapelekwa na wenzake uwanjani, walikokuwa wanakalishwa waliokamatwa, kila mtu mbali na mwenzake, kwenye nyasi na kuhubiriwa habari za korona mpaka kunakucha.

Ua ulibaki unanuka ubani na nywele zilizoungua. Bibi akapata pumzi. Mzee Tabora alitoka na ndoo, akazima makaa, moja baada ya jingine.

Asubuhi baba mdogo alirudi, jicho moja limefungwa kama kitumbua, na wenzake wawili wa machinjioni. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja bombani, ambako Mzee Tabora alikuwa ananawa uso, akamchomolea simu kwenye mfuko wa shati.

"Muzee. Jana mchana hii simu iliongea na nani?"

"Kasimu, nirudishie simu yangu, tafadhali."

"Hii namba iko ya nani? Soma! Weye umesoma, soma!"

Ilikuwa namba ya Mama Divine. Baba mdogo aliwaonyesha wenzake, akanionyesha hata mimi. Saa yenyewe ilikuwa ileile, muda mfupi kabla ya lango kupigwa teke.

"Sikuwapigia," alisema Mzee Tabora. Mara moja tu.

Kipigo cha kwanza kilimtoa barakoa ya juu. Cha pili kilimtoa ya chini, na ndipo kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaona mdomo wake, mdogo, mwekundu, unajaa damu. Wale wawili walimshika mabega. Baba mdogo alichukua chuma cha mishikaki, kile kinene, na hakukitumia kwa ncha, nashukuru Mungu. Alimpiga nacho kama anavyopiga ngozi mbichi, kwenye mbavu, kwenye kiwiko, kwenye mkono wa kushoto mzee alipojaribu kujikinga. Ule mkono ulilia kama kijiti. "Polisi! Jasusi! Unatuuza kwa supu gani?" Kila neno na pigo lake. Majirani waliangalia juu ya uzio. Nilimsikia mmoja akisema, "Basi anastahili," na mwingine, "Lakini si mzee huyu?" na wote wawili wakabaki palepale.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni petu, nimejikojolea, na nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "Si yeye! Ni droni! Droni imenusa! Ba'mdogo, weye mwenyewe ulisema ina pua!"

Mkono ulisimama hewani. Wale wenzake wawili wakaanza kucheka, kicheko kibaya cha watu waliochoka. Baba mdogo alikuja akanizaba kofi, nikaona Kigali yote imewashwa taa. Alirudi kwenye kazi yake. Lakini Mzee Tabora, akiwa chini, uso umevimba, alikuwa anaangalia mlangoni petu. Hakuwa anamtazama anayempiga. Aliniangalia mimi moja kwa moja, muda mrefu, bila chuki, na mimi kwa utoto wangu nikajivuna: ananishukuru, ni mimi pekee niliyemtetea.

Aliyekomesha ni bibi. Alitoka akishika ukuta, akavuka ua, akajilaza juu ya Mzee Tabora kwenye maji ya bomba, kanga yake na yote, yeye aliyeogopa hata mvuke wa chai kwa ajili ya kifua chake.

"Haya, Kasimu. Endelea. Hapa ndipo ulipotoka, piga hapa."

Chuma kilianguka chini. Baba mdogo alikaa kwenye matope akalia kwa sauti, kama ng'ombe.

Kwenye kituo cha afya Mzee Tabora alisema ameteleza bombani. Mama Divine mwenyewe alimuuliza mara mbili, akajibu kwa Kiswahili chake cha soksi kwamba sabuni ilimwagika, kosa ni lake. Mkono haukukunjuka tena vizuri. Barabara zilipofunguliwa alihamia Ndera kwa mkwewe, kwenye zile nyumba mpya katikati ya mashamba. Siku ya kuhama alisimama katikati ya ua, kitanda chake kiko kwenye mkokoteni, akasema, "Kwaherini. Naomba mniwie radhi kwa usumbufu." Mama alikuwa ndani, anafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Ile pua ilichelewa kunitoka. Nilikuwa tayari na ndevu, nasoma masomo ya jioni baada ya kazi, nilipomuuliza mwalimu wa fizikia, na darasa lilicheka mpaka umeme ukakatika. Basi nikajiona nimeerevuka, nikaamini kama walivyoamini wote: mzee ndiye alipiga simu. Nilikuwa hata na ushahidi, kwamba asiye na hatia angeshtaki, na yeye hakushtaki. Baba mdogo naye aliamini hivyo, akaendelea kuchoma nyama, mnene, mcheshi, na kila Mzee Tabora akitajwa anatema mate pembeni.

Mwaka jana habari ikaja kutoka Ndera kwamba mzee amefariki, usingizini, wala si kwa ugonjwa wowote wa kutisha. Mama alikaa kwenye mkeka, hakugusa chakula. Bibi alikwisha kufa kabla, baba yuko safarini, tulikuwa wawili tu. Nikadhani nimchangamshe, kwa sababu mimi nikiona mtu analia naleta kichekesho, ndiyo tabia yangu.

"Mama, unakumbuka nilivyopiga kelele? Ati droni imenusa!" Nikacheka. "Kumbe mzee wa watu kapiga simu yake vizuri, na mimi namtetea mpaka nazabwa kofi."

Mama hakucheka. Alikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Hakupiga yeye," alisema. "Nilipiga mimi. Simu yangu ilikuwa imekufa, nikaazima yake, nikamwambia nataka kumpigia baba yako mpakani. Bibi yako alikuwa anakufa, Sudi. Nilifikiri watakuja tu kuwatawanya."

Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja: kwamba mzee hakujua basi, maana angejua angesema, na mimi namkumbuka alivyokuwa chini, hakutafuta mtu mwingine yeyote, aliniangalia mimi mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hakukuangalia wewe," mama alisema. "Mimi nilikuwa nyuma yako."